Lori likisimama linakula: kuanza usafirishaji na gari moja Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, watu wakisikia kwamba una lori lako na unaliendesha mwenyewe, swali la kwanza ni lilelile, iwe kanisani, iwe matangani: "Mzigo wa Kolwezi unalipa dola ngapi?" Vijana wanaoendesha magari ya matajiri na kuota kununua lao nao huniuliza hivyo hivyo. Nawajibu, kisha nami nawauliza: hizo dola ni za siku ngapi? Wengi wananyamaza hapo, na ndiyo sababu ya mimi kukaa chini kuandika haya.

Mimi ni dereva. Nimekulia Likasi, baba akiwa mtu wa reli, na kazi hii nimejifunzia kwenye malori ya wengine kabla ya kupata kichwa na tela vyenye jina langu kwenye karatasi. Ofisi yangu ni kabini, pamoja na daftari analotunza mke wangu nyumbani kwetu Kampemba. Kwa hiyo ninayosema hapa ni ya mtu wa gari moja. Kampuni yenye magari mia, kumi yakikwama mpakani Kasumbalesa, tisini yanaendelea kuchuma. Wewe lako likikwama, biashara yote imekwama.

Kazi yenyewe ipo, tena ni nyingi. Zamani shaba ya Katanga ilisafiri kwa reli. Njia ya Benguela, iliyoipeleka mpaka bahari ya Atlantiki kule Lobito, ilikatika mwaka 1975 vita vilipowaka Angola, na reli za humu ndani nazo zikachakaa. Mzigo ukahamia barabarani. Leo barabara kuu, kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kupitia Lubumbashi, Likasi na Fungurume hadi Kolwezi, imejaa malori. Yanayotoka migodini yamebeba shaba. Yanayoelekea huko yamebeba salfa, chokaa, asidi, mazutu (dizeli), vipuri na mashine. Na sisi wa mjini tunangoja unga wa mahindi utoke Zambia. Dereva mwenye gari zima na karatasi safi hakosi mtu wa kumpigia simu.

Kwa hiyo tuje kwenye siku.

Asubuhi, kabla hujawasha injini, lori limekwisha kula. Kuna deni ulilonunulia, liwe la benki au la mjomba. Kuna bima, vignette (kodi ya gari ya mwaka), ukaguzi wa gari na karatasi nyingine za mwaka. Kuna mlinzi wa mahali unapolaza gari. Kuna tandiboi, msaidizi wa dereva, ambaye anakula hata siku ambayo gurudumu halikuzunguka. Na kuna watoto nyumbani. Jumlisha vyote vya mwezi mzima, gawanya kwa 30, utapata namba moja. Namba hiyo iandike ukutani. Tuchukue mfano, tuseme kwako ni dola 70 kwa siku.

Sasa anakuja mtu na mzigo wa ndani, unalipa dola 1,400. Mazutu, peaji (ushuru wa barabarani), matairi na vitu vya njiani vinachukua 700. Umekwenda na kurudi kwa siku nne, kwa hiyo siku zimekula 280. Zimebaki 420, yaani dola 105 kwa kila siku. Mwingine anakuja na mzigo wa kuvuka mpaka, anakuahidi 2,400, moyo unaruka. Njiani zinatoka 1,100. Lakini safari hiyo, pamoja na kungoja kupakia, foleni ya kwenda, kungoja kushusha na foleni ya kurudi, imechukua siku 16. Siku zimekula 1,120. Umebaki na 180, kama dola 11 kwa siku, na mwili umechoka mara nne zaidi. Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, lakini fanya hesabu kwa njia hii kabla ya kusema ndiyo. Nimeona madereva hodari, watu wanaojua injini kuliko mafundi, wakiuza magari yao baada ya mwaka kwa sababu walikuwa wanafukuza mzigo wenye bei kubwa tu.

Matairi ndiyo yanayodanganya watu zaidi, kwa sababu hayadai kila siku. Kichwa cha ekseli tatu kina matairi kumi, tela ya ekseli tatu ina kumi na mawili, jumla 22. Tairi likigharimu dola 300 na likikutembeza kilomita 60,000, yote 22 ni dola 6,600, maana yake kila kilomita imekula senti 11. Kwenda Kolwezi na kurudi ni kama kilomita 600, kwa hiyo dola 66 za safari hiyo si zako, ni za matairi. Mke wangu anazitoa siku ileile malipo yanapoingia na kuziweka mahali ambapo mimi sifiki. Mazutu nayo yahesabu mwenyewe, usikubali hesabu ya mtu: lori la aina hii likiwa na mzigo linaweza kunywa lita 50 kwa kilomita 100, likiwa tupu 30 au zaidi kidogo. Kwa safari hiyohiyo ni kama lita 240. Ikizidi sana, tafuta sababu: mguu wako, pampu, filta, au mtu anayenyonya tangi usiku.

Kuhusu mpaka. Kasumbalesa iko chini ya kilomita mia moja kutoka hapa, na bado inaweza kuwa sehemu ndefu kuliko zote za safari. Foleni ikifunga, malori yanapangana upande wa Chililabombwe mpaka huoni mwisho. Foleni huwezi kuiondoa, lakini kuna siku ambazo unaweza kuziokoa, na siku hizo ziko mikononi mwa deklaranti, yaani wakala wa forodha. Deklaranti mzuri anafungua faili kabla gari halijafika: deklarasyo ya forodha imeingia kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, karatasi ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya usafirishaji wa mizigo, iko tayari, na OCC, wakaguzi wa bidhaa, wanajua kinachokuja. Yule wa bei rahisi anaanza kutafuta karatasi siku unapompigia kumwambia umefika. Tofauti ya malipo kati ya hao wawili ni ndogo kuliko siku moja ya kusimama.

Na wewe dereva una kazi yako. Kabla sijatoka mahali pa kupakia, nashuka na karatasi mkononi, nazunguka gari. Nasoma namba ya sili, ile lakiri iliyopo mlangoni au kwenye kamba ya turubai, tarakimu moja moja, kwa sauti, tandiboi akifuata kwenye karatasi. Halafu namba ya tela. Halafu uzito. Tarakimu moja ya sili ikiwa imeandikwa 8 mahali pa 3, mpakani hakuna atakayekuamini kwamba ni kalamu iliyoteleza. Utangoja barua ya kusahihisha itoke mgodini, na mgodini mwenye kusaini yuko likizo. Wapakiaji wananiona nasumbua. "Yaya (kaka), twende bwana, hiyo ni sawa." Nasoma mpaka mwisho.

Ukishavuka, kumbuka unahamia mkono mwingine. Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Usukani wa gari lako uko upande gani ni jambo la kufikiria siku ya kununua. Kama kazi yako kubwa itakuwa Lubumbashi na Kolwezi, usukani wa kulia utakufanya utoe pua nzima ya gari barabarani ili uone kama njia ni wazi. Kwenye barabara yenye malori mengi hivi, mimi sikutaka hilo.

Kununua kwenyewe kunataka nafasi, maana hapo ndipo pesa ya miaka inaweza kwenda kwa saa moja. Usikubali kulikuta gari limekwisha kuwashwa. Fika asubuhi, gusa injini, hakikisha ni baridi, ndipo liwashwe mbele yako. Gari likiwashwa baridi linasema kweli: moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma huenda ni maji au nozo. Likinguruma, fungua kifuniko cha kuwekea oili. Hewa kidogo ni kawaida. Moshi ukitoka kwa msukumo unaorusha kifuniko, pete za pistoni zimekwisha na unanunua kazi ya kufungua injini. Chomoa kijiti cha oili, paka kidole. Oili yenye rangi ya maziwa, funga boneti, shukuru mwenye gari, uende.

Kisha ingia chini. Pitisha mkono kwenye chesi, hasa nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikwa. Rangi mpya mahali pamoja tu inaficha kiraka cha kuchomelea. Angalia ile sahani ambayo tela hukalia na taya zake zinazoshika pini: kama zimelika, tela itakuwa inapiga mbele na nyuma kila ukishika breki, na ukiteremka na tani thelathini hiyo si kelele tu. Jaza upepo, zima injini, kanyaga breki, angalia mshale ukishuka, sikiliza inavuja wapi. Mwisho soma namba ya chesi kwenye chuma chenyewe, usisome kwenye plastiki ya mlangoni, uilinganishe na karatasi. Peleka fundi wako, si fundi wa muuzaji, na umlipe hata kama hukununua.

Usitumie pesa yote kwenye kununua. Mtu anayemaliza akiba kwenye bei ya gari anaanza kazi bila tairi la akiba, bila minyororo mizuri, bila turubai lisilovuja. Mvua zetu zinaanza kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Magunia ya unga yakilowa, mteja hataki kusikia habari ya turubai.

Kuhusu uzito, kuna kitu ambacho mtu asiyejua kazi hawezi kukiona. Lori lililobeba shaba safi linaonekana kama tupu. Zile sahani za shaba hufungwa kwa mikanda ya chuma, fungu moja lina tani mbili na zaidi, kwa hiyo mafungu kama kumi na manne yaliyolala chini kwenye sakafu ya tela yanatosha kumaliza uzito wote unaoruhusiwa. Kwa ajili hiyo mahali yanapowekwa ni muhimu kuliko idadi yake. Zambia wanapima kila kundi la ekseli: ya mbele tani 8, mbili za nyuma za kichwa 18, tatu za tela 24, jumla 50 kwa gari la ekseli sita. Gari lenyewe tupu linaweza kuwa na tani 17 au 18. Jumla yako inaweza kuwa sawa kabisa na bado ukakamatwa kwenye mizani kwa sababu fungu moja limesogezwa mbele na ekseli za kichwa zimepita. Napakia huku nasimama pembeni, na mwenye forklift akiweka fungu nusu mita mbele ya pale nilipochora chaki, namwomba alirudishe. Ndugu zangu, lifungeni na mnyororo kila fungu. Shaba ikiteleza kwenye breki haisimami mpaka ipate kabini.

Karatasi za biashara nitazipitia haraka. Unahitaji kuandikishwa: RCCM (daftari la biashara), kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi. Wengi wanaona ni usumbufu na kuendelea kubeba kwa jina la mtu. Lakini sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo imewawekea Wakongomani nafasi ya kupata kazi za kampuni kubwa, zikiwemo za migodi, na mamlaka ya ARSP inasimamia hilo. Bila karatasi zako, sheria hiyo inawasaidia wengine. Pia migodi mingi haikuruhusu kupita geti bila kizima moto, kifaa cha kufuatilia gari, viatu vya usalama, koti la kung'aa na bima inayosomeka. Ukivuka mpaka, kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya nje ya nchi. Weka vyote kwenye folda moja ndani ya kabini, nakala nyumbani.

Mkataba ndio nitaukalia. Usibebe kwa neno la simu, hata kama ni shemeji. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na OHADA ina sheria yake ya mkataba wa kusafirisha mizigo barabarani: mzigo ukipotea au ukiharibika mikononi mwako, unahesabiwa wewe ndiye mwenye kosa mpaka uonyeshe vingine, ila fidia ina kikomo cha faranga za CFA 5,000 kwa kilo, isipokuwa mkitaja thamani kubwa zaidi au ukifanya makusudi. Dereva anayejua hilo hasaini karatasi inayomwambia atalipa thamani yote ya shaba kwa bei ya soko la London.

Na kwenye mkataba huo, mstari ninaoupigania kuliko bei ni huu: baada ya saa 48 za kungoja kupakia au kushusha, kila siku inalipwa kiasi fulani. Andika kiasi. Andika pia kwamba saa inaanza pale unapoandikishwa getini, na chukua picha ya kitabu cha geti. Wateja wengine wanakataa mara moja. Hao wamekuambia mapema jinsi watakavyolitumia gari lako, kama ghala la bure lenye magurudumu. Wengine wanashusha kiasi lakini wanakubali, na utashangaa jinsi forklift inavyopatikana haraka mahali ambapo kungoja kuna bei.

Jambo la pili ni lini watalipa. Siku 30, 45, 60, hata 90 baada ya faktura (ankara). Mazutu hayangoji siku 60. Mimi nilianza kwa kufanya kazi chini ya msafirishaji mkubwa aliyekubali kutoa sehemu ya pesa kabla ya kuondoka, na akachukua chake. Wapo wanaosema hao wanatunyonya. Kwa mtu wa gari moja asiye na akiba ya miezi miwili, ile sehemu inayotolewa mbele ndiyo inayomfanya awe barabarani wiki ijayo.

Halafu kuna mambo yanayokuja bila kubisha hodi. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa muda mfupi, katika ugomvi ulioanza baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kupeleka kobalti nje kwa miezi minne ili bei ipande, ikaongeza mitatu, na Oktoba ikaja na mfumo wa kiasi kwa kila kampuni. Nchi inayotoa zaidi ya sehemu saba katika kumi za kobalti ya dunia ina haki ya kutetea bei yake, nami nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Lakini dereva aliyekuwa amejifunga kwa mgodi mmoja wa kobalti alibaki na gari uani. Mteja mmoja ni hatari. Nina wa shaba, nina wa chokaa, na mfanyabiashara wa unga ambaye kila mara nampa nafasi hata kama analipa kidogo, kwa sababu watu watakula wiki ijayo pia.

Wengine wananitisha na reli ya Lobito, ile ile ya Benguela, kwamba treni zikirudi kikamilifu malori yamekwisha. Mimi, mtoto wa mtu wa reli, nataka zirudi. Zitachukua mzigo wa mbali, na ni sawa, kwani safari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kwa njia moja, inamla dereva mzima mzima: Kapiri Mposhi, Mpika, foleni ya Nakonde na Tunduma kwenye mpaka wa Tanzania, mteremko wa Kitonga. Lakini treni haiingii ndani ya mgodi kuchukua fungu la shaba, wala haipeleki chokaa mpaka kwenye geti la kiwanda. Kutakuwa na kazi fupi ya kwenda kituoni na kurudi, na kazi fupi ndiyo inayomlipa mtu wa gari moja.

Siku hizi wameanza kuniuliza lori la pili linakuja lini. Nimekubaliana na mke wangu: pale akaunti ya hili la kwanza itakapokuwa na pesa ya kutengeneza injini nzima na kununua seti ya matairi bila kukopa kwa mtu, na pale nitakapompata dereva anayesoma namba ya sili kwa sauti bila kuambiwa. Pesa iko karibu. Dereva bado namtafuta.